Mtori wa Asubuhi

Mbwa wetu anaitwa Mgeni. Jina hilo hakupewa na mimi. Alikuja mwenyewe kihambani kwetu Kibosho, shamba la ukoo lenye nyumba, migomba na kahawa, msimu mmoja wa kuchuma, akalala chini ya kichanja cha kuanikia, na mke wangu Lukresia akasema mgeni hafukuzwi. Mimi nikasema mbwa haingii ndani ya nyumba. Tukaishi hivyo miaka yote: yeye alimlisha, mimi nilifunga mlango.

Lukresia alifariki masika iliyopita. Tulimzika migombani, juu kidogo ya nyumba, karibu na mama yangu. Siku ya mazishi mbwa dume walikuja kutoka kila kihamba, wengine kwa ajili ya mifupa, wengine kwa ajili ya Mgeni, maana alikuwa kwenye joto. Vijana waliwafukuza kwa fimbo huku padri akisoma. Niliyaona hayo yote kama mtu anayetazama nje kupitia kioo cha gari. Nilishika mikono niliyopewa, nikatupa udongo niliopewa. Baada ya hapo sikupanda tena kaburini. Aliyekwenda ni Mgeni. Alilala juu ya udongo ule kutwa, hata kwenye manyunyu.

Tumbo lake lilipoanza kujaa, hakuna aliyejiuliza sababu. Zita, mdogo wake Lukresia, ambaye ameolewa kihamba cha jirani, alipiga vigelegele.

"Dada aliniahidi mtoto wa Mgeni," alisema. "Unaona, shemeji? Hajanisahau."

Akaanza kumtunza kama tunavyomtunza mzazi kwetu. Kila asubuhi alileta mtori: ndizi zilizopondwa zikawa laini kabisa, mchuzi wa mifupa, na siagi juu yake. Mgeni alilamba kidogo, akanywa maji mengi, akarudi kaburini. Zita alisema mimba ya uzeeni ndivyo ilivyo.

Siku aliposhindwa kusimama, Zita alisema ni uchungu umeanza. Nilikumbuka tu kwamba Lukresia, alipokuwa kitandani, aliniambia, "Basili, usimwache Mgeni." Hakuniomba jambo lingine lolote. Asubuhi tulimfunga kwenye kanga, na jirani yetu Filemon akatushusha kwa pikapu yake hadi kliniki ya mifugo kule mjini, Pasua.

Daktari alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, jina lake Eunike.

"Shikamoo babu. Shikamoo mama."

"Marahaba," alijibu Zita. "Tumekuletea mzazi. Watoto wamekataa kutoka."

Daktari alimpapasa Mgeni, akampima joto, kisha akapitisha tumboni kifaa cha kupigia picha. Alikitazama kioo kwa muda mrefu.

"Mama, humu hamna watoto."

"Tazama vizuri, mwanangu. Labda wamelaliana."

"Ni usaha. Kizazi chote kimejaa usaha. Huwapata majike baada ya joto kupita, hasa wakishakuwa na umri. Nisipokitoa leo, kitapasuka tumboni." Akavua glavu. "Mara ya mwisho amekula lini?"

"Asubuhi hii," Zita alisema kwa fahari. "Alikuwa hataki, nikamtia mdomoni kwa vidole. Sisi hatumshushi mgonjwa mlimani na tumbo tupu."

Daktari alitueleza taratibu, bila kumlaumu mtu. Mnyama akilazwa kwa dawa ya usingizi huku ana chakula tumboni, anaweza kutapika, chakula kikaingia kwenye mapafu, akafa pale pale mezani. Tukingoja chakula kishuke, kizazi kinaweza kupasuka kabla ya kisu kufika.

Zita aliweka kiganja mdomoni.

"Mwenye mbwa ni nani?" daktari aliuliza.

"Mimi," nilisema. Lilikuwa jambo geni kulitamka.

"Basi uamuzi ni wako, babu."

"Angekuwa wako, ungefanyaje?"

"Ningengoja hadi mchana. Mtori ni laini, haukai sana. Nitamwekea dripu na dawa ya kupambana na usaha. Lakini siwezi kukuahidi. Na ukiona ni mateso, ipo sindano. Atalala, asiamke."

Nilijipekua ndani nione kama kuna hofu, au huruma. Palikuwa pamepoa, kama jiko lililolala bila moto. Lukresia naye aliulizwa hospitalini kama apasuliwe, na akajibu mwenyewe kwamba hataki kisu. Jibu lilikuwa lake. Hapa hapakuwa na wa kujibu ila mimi.

"Ngoja," nilimwambia daktari. "Halafu mpasue."

Tulikaa kwenye benchi barazani. Mama mmoja wa Majengo alikuwa na paka dume kwenye kikapu, kichwa tu kikichungulia.

"Huyu naye anaumwa nini?" Zita alimuuliza.

"Haumwi. Nimemleta ahasiwe. Halali nyumbani, anarudi alfajiri masikio yamechanika."

"Mwenzangu, kumbe hapa wanalitibu hilo? Wapo wengine kule kwetu wenye miguu miwili."

"Waleteni! Paka wangu hachukui muda, nasikia ni dakika chache tu."

Walicheka wote wawili. Halafu Zita akaanza kulia katikati ya kicheko, akajifunika uso kwa kanga ile ile yenye manyoya ya Mgeni.

"Shemeji, nimemuua kwa mtori."

Nilijua ninapaswa kumwambia neno. Nilimwambia anywe chai.

Paka aliingia, akatoka amelegea kama kitambaa. Akaja mbwa wa kushonwa sikio. Jua lilipohamia upande wetu wa baraza, walimchukua Mgeni.

Daktari alipotoka, alikuwa amebeba beseni lililofunikwa. Nilimwomba nione. Ndani mlikuwa na kitu kama soksi mbili ndefu zilizojazwa hadi kukaribia kupasuka, rangi ya zambarau.

"Alitapika kidogo usingizi ulipomwingia," alisema. "Tulikuwa tumejiandaa, tukamwinamisha kichwa, tukasafisha koo. Ni mzima. Lakini mwacheni hapa, tumwangalie."

Zita alipiga ishara ya msalaba. Mimi nililitazama beseni mpaka daktari akalifunika tena.

Tulipokwenda kumchukua, Mgeni alikuwa amevishwa kola kubwa ya plastiki shingoni, asilambe nyuzi.

"Asilale kabisa kwenye udongo, wala penye unyevu, hadi nyuzi zitoke," daktari alisema. "Kidonda kikiingia uchafu, tumefanya kazi bure. Banda lake lina sakafu?"

"Hana banda," Zita alisema, akinitazama. "Analala kaburini kwa dada."

"Basi alale ndani ya nyumba, babu."

Jioni ile nilifungua mlango. Mgeni alisimama kizingitini, akanitazama, hakuingia. Alikuwa amezoea nimfungie mlango. Ilibidi nitoe blanketi la Lukresia kabatini, nilitandike sakafuni, nirudi nyuma kabisa hadi kitandani. Ndipo akaingia, kola ikigonga fremu ya mlango.

Asubuhi alitaka kupanda migombani. Nilimfunga kamba, akanivuta. Sikuwa nimepanga kwenda, lakini kumrudisha kwa nguvu kungefumua nyuzi. Tulipofika, alikunja miguu ya mbele alale kama alivyozoea, na mimi nikaivuta kamba.

"Hapana. Simama."

Alisimama. Nikasimama naye. Ukungu ulikuwa haujaondoka, na umande ulikuwa umelowesha suruali yangu hadi magotini. Msalaba ulikuwa umeinama upande. Majani yalikuwa yameota pembeni tu. Pale katikati, alipokuwa akilala, udongo ulikuwa mtupu na laini.

"Shemeji!" Zita aliita kutoka uani. "Nimeleta mtori! Leo anaruhusiwa?"

"Anaruhusiwa," nilijibu.

"Basi mshushe, unapoa!"

Lakini Mgeni alikuwa hajataka kuondoka, na kamba ilikuwa mkononi mwangu. Sikuivuta.