Mnoa Visu Mahakamani

Mume wangu ni mnoa visu. Alikuwa akizunguka mitaani na baiskeli yenye jiwe la kunolea. Anaisimamisha mlangoni mwa mtu, anapiga pedeli papo hapo, jiwe linazunguka na cheche zinaruka. Tangu gari limgonge, miguu imekufa ganzi, lakini kichwani mwake bado anapiga pedeli. Anakaa dirishani, macho yametazama mbali, anauliza kama mwenye bucha ameleta visu vyake. Namjibu kuwa vinakuja. Nimechoka kumrudisha huku kwetu. Huko aliko ana miguu.

Siku ya hukumu nilimsukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mahakamani. Dereva, kijana mwenye shati lililonyooshwa vizuri, alishakiri kwamba alikuwa akisoma simu. Sheria mpya inasema dereva mzembe akimjeruhi vibaya mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli, hakimu anaweza kumtoza faini au kumfunga. Mimi nilitaka afungwe. Sikuficha, hata mama yake alipokuja kunipigia magoti nilimwambia hivyo hivyo.

Hakimu aliuliza, "Mzee, unamfahamu huyu?"

Mume wangu alimtazama, akamtazama, kisha uso ukachangamka. "Namfahamu sana. Nilipoanguka, huyu alinishika mkono. Hakuniacha mpaka gari la wagonjwa likaja. Hujambo, mwanangu?"

Gari, breki, vioo, vyote vimemtoka akilini. Umebaki mkono tu. Kijana akaanza kulia. Hakimu akanigeukia, nikaona wazi kwamba anangoja na mimi nilegee.

"Mheshimiwa," nikasema, "mkono huo ndio uliokuwa umeshika simu."

Akafungwa miaka miwili. Nilingoja furaha, haikuja. Nilijisikia mchovu, basi.

"Mbona wanamtia pingu?" mume wangu aliuliza. "Hebu nisogeze, mke wangu, bado sijamshukuru."

Nikamsogeza. Alinyoosha mkono. Kijana alitaka kutoa mmoja, pingu zikakataa, ikabidi atoe yote miwili. Mume wangu aliipokea, akaipapasa taratibu, akitabasamu.

"Ukimaliza shughuli zako hapa, upite nyumbani," akamwambia. "Mama yako huyu atakupikia."

Kijana alinitazama mimi, nami nikakigeuza kiti.