Senti Kumi Isiyo na Tundu

Alawi, mwenye duka la vitambaa pale Mbeya mjini, alimwahidi mkewe cherehani mwaka ule walipooana. Sasa ulikuwa mwaka 1956, watoto wanne wamezaliwa, na Mwanahawa bado alishona nguo zao kwa mkono, katikati ya vitambaa vyote vile. Ahadi ni deni, na hili lilimkaa Alawi kooni.

Safari moja alikwenda Iringa kuchukua mzigo, akakutana na mkulima wa tumbaku, Mgiriki aliyerukwa na akili kwa kukusanya sarafu. Mgiriki akamwambia angelipa bei ya cherehani nzima kwa senti kumi iliyotoka kiwandani bila lile tundu la katikati ambalo senti kumi zote zilikuwa nalo. Akamfundisha pia kutofautisha: kosa la mashine, sarafu huzaliwa nalo, lakini mtu akiigonga nyundo au kuitoboa mwenyewe, hilo ni jeraha tu, halina bei.

Mwezi haukuisha, Alawi akaipata katika mauzo ya siku ya gulio. Akaificha ndani ya kopo la majani ya chai asimwambie mtu, mkewe hasa, kwa kuwa alitaka kumshtukiza. Ila elimu ilimwasha. Kila mteja aliyeleta senti iliyopinda au kukwaruzika alipigiwa hotuba: pesa hii ina ila, na pesa yenye ila ni aibu ya mwenye nayo. Soko zima likamwita Daktari wa Senti, naye akavimba kichwa. Nyuma ya pazia Mwanahawa alisikia kila neno, sindano mkononi.

Mgiriki alipofika Mbeya, Alawi alimfungulia kopo kwa madaha. Senti ilikuwamo. Na tundu lilikuwamo, katikati sawasawa.

Mwanahawa alitoka nyuma ya pazia akitabasamu. Alieleza kwamba majani ya chai ya jikoni yalipoisha alilifungua kopo hili la dukani, akaikuta, akaona haya kwa niaba ya mumewe: daktari mzima, na mgonjwa yumo ndani mwake. Basi akaipeleka kwa Jailos, fundi baiskeli.

"Nimekusitiri, baba Bushiri," alisema. "Sasa haina ila."

Mgiriki alimpa Alawi kioo chake cha kukuzia, akangoja kama mwalimu mbele ya mwanafunzi wake bora. Alawi akainama. Kingo za tundu zilikuwa na makwaruzo ya keekee ya kutobolea. Hata kipofu angeyahisi kwa kidole. Alitamani kulia, lakini wateja walikuwa wamesimama mlangoni, wakingoja kumsikia daktari wao.

"Imejeruhiwa," alisema.

Mwanahawa akaipokea ile senti, akaigeuzageuza, asione jeraha lenyewe.

"Na Jailos alinitoza senti hamsini," alisema. "Nilimpa zile nilizoweka za kununulia sindano."