Kamba ya Shemeji

Mwanamke aliyefiwa anajua la kufanya. Analia, anakaa matanga, watu wanamletea unga na kuni, na siku ikifika anainuka. Aliyekimbiwa na mume hana hata la kushika. Akilia anachekwa, asipolia anasemwa. Agnetha alikuwa katika mwaka wa pili wa kutojua yeye ni yupi kati ya hao wawili.

Mumewe, Wilbroad, alikuwa mrina asali wa huko Ipole. Hakuwa wa mizinga ya kutundika mitini peke yake kama wengine. Yeye, kama baba yake na babu yake, alirina majabali, kwa wale nyuki wakali wanaojenga kwenye nyufa za miamba ambako hata nyani hufikiri mara mbili. Kazi hiyo ina miiko yake. Mrina hatangazi aendako, kwa kuwa wanasema jabali likitajwa nyumbani nyuki wanahama. Mke haambiwi, mama haambiwi. Na kamba yake haishikwi na mtu yeyote tu. Kamba hushikwa na shemeji, ndugu wa mke. Ndugu wa tumbo moja anaweza kukutamania shamba, rafiki anaweza kukutamania mke, lakini shemeji hataki kumwona dada yake akiwa mjane. Ndivyo walivyosema wazee wa ukoo ule, na hakuna aliyewahi kuwabishia.

Basi asubuhi moja ya Juni Wilbroad akatoka na ndoo yake ya gome na kamba yake ya katani, hakurudi. Watu wa kwanza kuulizwa walikuwa kina Agnetha, na Sixbert, mdogo wake, akasema hakuitwa kushika kamba siku ile. Yeye alikuwa safarini Kaliua. Sungusungu, walinzi wa kijiji, wakaingia porini. Walitafuta kweli, hawakutania. Halafu jioni moja Sixbert huyohuyo akawaita, akasema amelificha jambo kwa kumwonea dada yake aibu, lakini sasa heri aseme. Alimwona Wilbroad kule Kaliua, stesheni, akipanda treni ya Mpanda, na mwanamke amemshikia begi.

Jioni ileile utafutaji ukaisha. Nani atahangaika na miiba kumtafuta mtu aliyepanda treni? Lisemwalo lipo, wakasema, na wakaongeza chumvi yao. Wakwe zake Agnetha wakachukua mizinga na shamba la tumbaku, wakasema mwanamume hakimbii nyumba yenye raha. Padre alikuwa mpole, lakini naye hakuweza kumsomea misa ya wafu mtu aliyeonekana stesheni. Agnetha akafunga vitu vyake akaenda Tabora mjini, akapata kazi ya kupika katika shule moja ya sekondari.

Huko ndiko alikokutana na Madamu Imakulata, mwalimu wa jiografia, mwanamke mnene mwenye kicheko kikubwa na goti bovu, na mwenye mchezo ambao walimu wenzake waliuona wendawazimu mtupu. Mtu anaficha kisanduku mahali pagumu, anaandika kwenye mtandao alama za pale mahali, na wengine wanakitafuta kwa simu. Ukikipata unaandika jina lako, unachukua kitu kidogo kilichomo na kuacha chako. Basi, hakuna zawadi. Imakulata alikuwa akivifuata visanduku vilivyofichwa kandokando ya njia ya zamani ya misafara, ile waliyopita wapagazi na mizigo yao, na kila Jumamosi alirudi na miiba kwenye sketi akiwa na furaha ya mtoto.

Agnetha akamwomba waende wote. Imakulata alishangaa, mpishi na jua lile lote anatafuta nini, akamuuliza. Jibu alilopewa hakulisahau.

"Nyie mnaingia mahali ambapo watu hawaingii," Agnetha alisema. "Kama mume wangu yuko Mpanda, basi awe Mpanda, nimchukie vizuri. Kama amekufa, nimlie. Hapa katikati nimechoka, Madamu."

Tangu siku ile wakawa wawili. Waliingia mapangoni, walitambaa chini ya majabali, na kila waliposogeza jiwe moyo wa Agnetha ulidunda hadi wakaona kikopo tu. Imakulata alikuwa akishangilia, na Agnetha akitabasamu kwa adabu, huku hajui kama amefarijika au amevunjika moyo.

Kilibaki kisanduku kimoja ambacho hakuna aliyekifikia. Vijana wapanda miamba kutoka Arusha walikificha miaka mitano nyuma kwenye ukuta wa korongo, mbali upande wa Sikonge, mahali pasipo na njia wala jina kwenye ramani. Hapo ilitakiwa kamba na mtu wa kuishika. Agnetha akasema mtu yupo, mdogo wangu Sixbert, amezaliwa na kamba mkononi. Sixbert akakubali kwa simu bila kuuliza mengi. Alichosikia ni kwamba wanafuata njia ya misafara.

Walikutana naye Ipole Julai, baridi ikiuma na upepo ukisukuma majani makavu. Alimwamkia Madamu shikamoo, akambebea dada yake mzigo, akafanya utani njia nzima. Lakini mshale wa simu ulipoacha njia kuu na kugeukia majabali, utani ukaisha. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ila Agnetha alidhani ni mlima unamchosha. Waliparamia mawe, wakapita vichaka vya kunasa nguo, na kila walivyosogea Sixbert alipata sababu mpya. Kwanza kulikuwa na chui. Halafu mvua itanyesha, mwezi wa saba! Mwisho akasema kule kuna nyuki.

Nyuki walikuwapo zamani. Walipofika ukingoni waliona masega makavu yaliyoachwa, meusi, yakining'inia chini ya mwamba uliojitokeza kama paa. Chini yake palikuwa na kibaraza cha jiwe kilichofunikwa nusu na mkuyu uliojishikiza kwenye ufa. Chini ya kibaraza hakukuwa na kitu, hewa tu, na sakafu ya korongo mbali huko.

Sixbert akataka kushuka yeye. Alisema mara mbili, na mara ya pili alikuwa akisihi. Lakini nani angeushika uzito wake? Imakulata kwa goti lile hakuweza kushika wala kushuka. Mwepesi alikuwa Agnetha. Sixbert akasema basi warudi, waje siku nyingine na watu zaidi, na Imakulata, ambaye alikuwa na haraka ya mtoto aliyeona pipi, akasema siku nyingine ni lini. Ndani ya korongo simu ilikuwa inadanganya, mshale ukizunguka hovyo, kwa hiyo yeye akachukua darubini akazunguka hadi ng'ambo ili amwelekeze Agnetha kwa mikono.

Wakabaki ndugu wawili. Sixbert aliizungusha kamba kwenye shina la mninga, akamfunga dada yake kiunoni na mapajani. Vidole vyake vilikuwa vya baridi na paji la uso linatoka jasho. Agnetha alimwonea huruma. Alifikiri anaogopa kwa ajili yake, na akampenda sana dakika ile, kama walipokuwa wadogo na yeye ndiye anayembeba mgongoni kwenda kisimani. Akamwambia asiogope.

Akashuka. Mwamba ulimkwangua magoti, upepo ukamgeuza, akamwona Imakulata ng'ambo akipunga mkono wa kushoto, wa kushoto, kisha akashusha mikono yote miwili. Miguu yake ikagusa kibaraza. Kilikuwa kipana kuliko kilivyoonekana kutoka juu, mtu angeweza kulala. Akasukuma matawi ya mkuyu akaingia.

Kisanduku kilikuwa pale, lakini hakikufichwa. Kilikuwa wazi, kimewekwa chini ya mahali ambapo jiwe linatona maji, na ndani kulikuwa na maji na karatasi za majina zilizogeuka uji. Pembeni yake aliketi mtu. Yaani, aliketi zamani. Sasa ilikuwa mifupa iliyoegemea ukuta, na shati la miraba lililotiwa kiraka cha kitenge begani. Kiraka kile Agnetha alikishona mwenyewe. Mfupa wa paja la kulia ulikuwa vipande viwili.

Hakupiga kelele. Alipiga magoti akashika kile kiraka, na kitu cha kwanza alichokihisi, tusimlaumu, kilikuwa shukrani. Hukwenda Mpanda, alimwambia. Hukunikimbia.

Halafu akaona kamba. Kamba ya katani ilikuwa miguuni pake, imekunjwa vizuri kama alivyokuwa akiikunja nyumbani. Agnetha aliivuta yote, kutoka mwisho hadi mwisho. Kamba iliyokatika huwa na nyuzi zilizochanika. Hii ilikuwa nzima, hata fundo la ncha ya juu lilikuwa palepale. Haikukatika. Iliachiwa. Na Wilbroad, mtu wa miiko kuliko padre, asingeshuka hapa kamba yake ikiwa mikononi mwa mtu mwingine yeyote duniani.

 Akatazama huku na huku kama mtu anayetafuta wa kumwambia si kweli, na ndipo alipouona ule upande mwingine wa kibaraza. Masega ya juu yalikuwa yamekwanguliwa hadi pale mkono wa mtu aliyekaa unapofika. Kwenye pembe moja palikuwa na rundo la vidonge vya nta vilivyotafunwa, vimewekwa pamoja, kwa kuwa Wilbroad alikuwa mtu msafi na hata nyumbani hakutema nta sakafuni. Lilikuwa rundo kubwa. Mtu hatafuni rundo kama lile kwa siku moja, wala kwa mbili.

"Dada," sauti ilitoka juu. "Umekiona?"

Agnetha alikigeuza kidonge kimoja cha nta mkononi.

"Dada?"

Sasa akaogopa. Kamba yake ilikuwa kwenye mikono ileile. Akili ilimwambia aseme hakuna kitu, avutwe, atabasamu, wafike Ipole, kisha aende polisi akiwa hai. Ilikuwa shauri jema, na wewe na mimi tungelifuata. Lakini hilo lingekuwa kumwacha Wilbroad hapa kwa mara nyingine, aone tena mtu anaondoka anamwacha, na Agnetha hakuweza.

Akaifungua kamba kiunoni. Akavua kitenge cha juu, akakitandaza juu ya jiwe, akamkusanya mumewe kipande kwa kipande, mifupa midogo ya mikono kwanza kwa kuwa ndiyo hupotea, na kichwa mwisho. Akamfunika kwa shati lake. Alifunga pembe za kitenge kwa nguvu kisha akafunga kamba juu yake.

"Vuta polepole," akaita. "Na usimwachie tena."

 Kamba ikakaza, na furushi likapanda, jepesi, likigonga mwamba taratibu, hadi likapotea ukingoni.

Alichosikia baadaye kilikuwa kilio cha mwanamume aliyejizuia miaka miwili. Maneno yalikuja yakiwa yamevunjikavunjika. Nyuki walimfunika uso, waliingia masikioni, mikono ikafunguka yenyewe, akasikia kishindo, akakimbia. Alidhani shemeji amekufa palepale. Kaliua hakufika kabisa. Ile ya treni aliisema kwa sababu sungusungu walikuwa wanaelekea huku, na wangemkuta shemeji, wangeuliza nani alishika kamba.

"Hakufa palepale," Agnetha alisema. Hakupaza sauti, lakini korongo lilibeba kila neno. "Alivunjika mguu tu. Alikuwa anakinga maji kwenye kisanduku na kutafuna nta, Sixbert. Ulipokuwa unatueleza habari za stesheni, yeye alikuwa hapa anatafuna nta, anakungoja."

 Kisha kamba ikashuka tena, ikasimama usoni pake ikiyumba, na kitanzi kimefungwa tayari.

"Shika, dada," alilia. "Nitakushika. Naapa kwa marehemu mama, nitakushika."

Agnetha aliitazama. Kama alikuwa akidanganya au la, halikuwa swali tena. Kamba hushikwa na mtu asiyetaka uwe mjane, na mtu huyo alikuwa ameshamfanya mjane na kumnyima hata jina hilo.

"Ifunge mtini, uondoke," alimwambia. "Uende kwa mama mkwe wangu umwambie kwa kinywa chako. Mimi nitamngoja Imakulata alete watu."

Alisikia hatua zikisita, kisha zikienda juu ya majani makavu. Ng'ambo ya korongo Imakulata alikuwa amesimama, darubini imemdondoka kifuani. Agnetha akarudi nyuma ya mkuyu, akaketi pale ambapo Wilbroad alikuwa ameketi, mgongo kwenye jiwe lilelile. Akavua kilemba. Na mchana ule mweupe akaanza kumlilia mumewe, kwa sauti, kwa jina lake, kama mjane yeyote anavyoruhusiwa.