Ukuta Juu ya Kisima

...na eti asimulie, tena mbele ya foleni nzima, kama vile yeye ni redio, asubuhi yote mjukuu wake kamshika kiwiko na kumbembeleza, Bibi, wasimulie watu ile hadithi ya kisima, ile ya ukuta ulivyoanguka mkapatana, wakiisikia kutoka kinywani mwako watapiga ndiyo wote, naye akamjibu kwamba amekuja kupiga kura, hakuja kuburudisha watu, na kama hadithi unaijua kuliko mimi isimulie mwenyewe, maana hiyo yako siyo iliyotokea, hakuna aliyepatana siku ile, hakuna aliyemkumbatia mtu, watoto hawa wakishasoma wanadhani kila ukuta ukianguka lazima pawe na vigelegele... sasa yuko humu, nyuma ya boksi la karatasi ngumu lililosimamishwa juu ya dawati la shule, dawati lililochongwa majina kwa wembe, penseli imefungwa kwa uzi kama mbuzi, sijui walimwogopa mwizi gani, na mbele yake karatasi yenye swali refu ambalo hakujisumbua kulimaliza, herufi anazijua lakini huzisoma kama mtu anayechagua mawe kwenye mchele, polepole, moja moja, na swali lenyewe halina ugeni, mwaka mzima hawakuimba lingine, je, nchi yetu ijiunge na muungano wa majirani, soko moja, pesa moja, mpaka mmoja, ndiyo imechorewa daraja, hapana imechorewa nyumba, na huyo aliyeichora nyumba kasahau dirisha.

Alikuja kutia alama kwenye nyumba. Hilo lilikwisha jana mezani, hakulala nalo, mwanawe alipoweka kijiko chini na kumtazama yeye mama yake, si binti yake, huyo mjukuu, kwa sababu yeye na binti yake hawatazamani tangu kampeni zianze, hata chumvi ikitakiwa lazima ipite kwanza kwa bibi kama balozi... mwanawe huyo ni fundi viatu, mikono yake inanuka gundi hata akioga mara mbili, na hiyo mikono ndiyo inayomlisha yeye, ndiyo iliyomsomesha huyo binti mpaka akawa mkunga mwenye cheti, cheti ambacho ng'ambo ya mpaka wanakitazama kama karatasi ya kufungia karanga, ndiyo maana binti anataka daraja, na baba anataka nyumba, na wote wawili wanamtaka yeye. Binti alisema maneno mengi mazuri ya kwenye mikutano. Mwanawe alisema machache. "Mama, mpaka ukifunguliwa, viatu vyao vya kiwandani vitajaa hapa mpaka mlangoni. Ukipiga ndiyo, unanifungia kibanda kwa mkono wako mwenyewe." Sasa mzazi ajibu nini hapo? Akameza tonge lake, akasema nimekusikia, na kwake yeye nimekusikia ni ahadi, hajawahi kuisema akaivunja, hata marehemu mumewe alilijua hilo neno na kuliogopa...

"Bibi, umemaliza?" Huyo ni karani wa kura, binti mwembamba aliyekaa na kidau cha wino, sauti ya upole wa kulipwa kwa siku.

"Ningekuwa nimemaliza ungeniona, mwanangu."

Foleni ikacheka huko mlangoni, na wacheke tu, wamesimama juani, angalau wapate kitu... daraja na nyumba. Kidole kiko kwenye penseli, penseli iko hewani, mkono uende basi kwenye nyumba wamalize, lakini mkono hauendi, na kosa ni la yule mtoto na kisima chake, kamrudisha mahali ambapo hakutaka kwenda leo, kwenye ule ua wa nyumba mbili, ua wa mumewe na shemeji, kaka wa mumewe, kisima katikati, wake wawili wanachota kwa ndoo moja na kusengenya wasiokuwepo, mpaka mbuzi wao alipotafuna shati jeupe la shemeji lililoanikwa, shati la harusini, na shemeji akasema amechoka kuishi na watu wasiojua kufunga mbuzi. Shati! Mumewe alitaka kumnunulia jingine, akakataa, yule alikuwa mwashi, na mwashi akiudhika hujenga. Akajenga ukuta kutoka barabarani mpaka mwisho wa kiwanja, na alipofika kisimani hakupinda, watu wote walidhani atapinda, yeye akalaza boriti ya mti mgumu juu ya mdomo wa kisima, katikati kabisa, akaendelea kupanga mawe juu ya boriti, ukuta ukavuka kisima kama kitu cha kawaida, nusu ya mdomo huku, nusu kule. Watu walikuja kuushangaa. Alijisifu nao huo ukuta kama mtu aliyejenga ikulu. Na ndoo yake yeye ikawa haipiti, nusu ya mdomo ni nyembamba kama kipande cha mwezi, ikabidi achote kwa kopo la mafuta lililotobolewa na kutiwa waya, kopo kwa kopo, watoto wanalia kiu, na huko ng'ambo anamsikia mkewe shemeji naye anagongesha kopo lake, wote wawili wajinga, kila mmoja na maji yake, na chini kabisa, ambako hakuna mwashi aliyefika, maji ni yale yale.

Ndipo kikaja kiangazi. Kopo lake likaanza kupanda na tope. Tope, na vyura, na harufu, na ng'ambo ya ukuta mkewe shemeji anafua, anafua mashuka! Povu linapita chini ya ukuta kuja kumsalimia. Mumewe, mpole kupita kiasi, Mungu amrehemu lakini alikuwa mpole kupita kiasi, akasema labda kamba yetu ni fupi. Wakaongeza kamba. Tope. Akasema labda ni majaliwa. Majaliwa gani yanayochagua upande wa ukuta? Bibi mwenyewe akawa anasikiliza. Saa za jua kali watu wakijilaza, yeye analaza sikio kwenye mawe, na siku moja akasikia, ngo, ngo, ngo, kama mtu anabisha hodi kutoka ardhini, akaingiza kichwa kwenye kile kipande cha mwezi mpaka masikio yakakwaruzika, na chini kule, katika mwanga mdogo wa upande wa pili, akaona upara. Upara wa shemeji unang'aa, sululu mkononi, anachimba nusu yake peke yake, amekwisha kuishusha kimo cha mtoto, na maji yote ya kisima, maji hayana undugu, yamehamia kule kwenye shimo.

Akamwuliza kwa upole kabisa, "Shemeji, umepoteza nini huko chini?"

Sululu ikatua chini. Kisha ule upara ukasema, "Naangalia udongo tu, shemeji."

Anacheka hapa nyuma ya boksi, karani akakohoa, na akohoe. Naangalia udongo. Mwashi mzima, mtu aliyejengea nusu ya mtaa, akasahau jambo linalojulikana na kila mtu aliyewahi kushika mwiko, kwamba ukichimba upande mmoja tu, mawe ya pembeni yanabaki yananing'inia, na boriti yake mwenyewe imekaa juu ya mawe hayo, na ukuta wake mwenyewe umekaa juu ya boriti. Alikuwa ametoka tu, bado anajifuta tope, ardhi ikanguruma, boriti ikainama bega moja, na ukuta ukaingia kisimani kwa mlio ambao umemkaa bibi, mpaka leo akisikia lori likimwaga kokoto huinua kichwa. Vumbi likatulia, akamwona mkewe shemeji kasimama ng'ambo na shuka lake, wakatazamana, kwa mara ya kwanza tangu shati, na hakuna aliyemkimbilia mwenzake, walikuwa na kiu. Haya, simulia hiyo kwenye mkutano, mjukuu wangu.

Lakini mwanawe naye hana haki ya kuikamata hii hadithi kwa mkia wake, maana naye huitumia, husema unaona Mama, mwenye nguvu atachimba upande wake na sisi tutavuta tope... na yeye jana aliitikia kwa kichwa. Kwa nini aliitikia? Sasa anaona alivyoitikia haraka. Shemeji hakuchimba ukuta ulipokuwa haupo. Miaka yote ile ya ndoo moja, angewezaje, wake wawili wako pale pale kisimani asubuhi na jioni, macho manne, midomo miwili isiyolala, sululu angeipitishia wapi? Ni ukuta uliompa kivuli. Alijenga kwa hasira, halafu akaona, kumbe huku nyuma sionekani... Na wewe mwanangu, fundi wangu, hizo soli unazopigia nyundo zinatoka wapi? Gundi ile ya kopo la bluu inatoka wapi? Ng'ambo. Zinaingia kwa njia ya panya, chini ya magunia ya vitunguu, kupitia kwa yule mheshimiwa wa forodha anayekuja kibandani kushonewa viatu halafu anaondoka bila kuvilipia, na wewe unamwita mkubwa. Mpaka umefungwa lini? Maji ni yale yale, mwanangu, kuna mtu tu yuko chini anang'aa upara, na wewe unapiga kura ya kumzibia asionekane, kisha unanilaumu mimi kopo likija na tope.

Basi. Alisema nimekusikia, na amemsikia kweli, ndiyo mara ya kwanza anamsikia, na leo leo mezani atamwambia mbele ya binti yake, uso kwa uso, kwamba mkono ni wangu na alama ni yangu, na kibanda kikitikisika mimi nitakaa mlangoni pake na kuwauliza wapita njia kama hivyo viatu vyao vya kiwandani vimewahi kuona mvua. Na binti naye asirukeruke. Daraja lake hilo lisilo na mlinzi, watu wanaosema tupendane tu, upendo ulikuwepo hata wakati wa sululu, walikuwa ndugu wa tumbo moja! Kilichowanyoosha si upendo, ilikuwa kamba. Hiyo ndiyo sehemu ambayo hakuna anayetaka kusimuliwa.

"Bibi, nije nikusaidie?"

"Kuchora alama ya mkasi? Kaa, mama, kaa." Penseli bado iko hewani, uzi wake umejinyoosha, lakini sasa kidole kinajua, kinaelekea darajani, si kwa kuwaamini hao majirani, hawaamini hata chembe, hakumwamini shemeji pia, siku ile ya kikao cha ukoo, baada ya ukuta kuanguka, mumewe aliposema yamekwisha, kaka ni kaka, yeye alisimama mbele ya wakwe zake wote, mwanamke aliyeacha shule kabla ya kufika kwenye kugawanya, akasema hayajaisha. Shemeji atatoa mawe yote kisimani kwa mikono yake, na akayatoa. Atachimba upya, sakafu sawa pande zote, na akachimba. Mdomo mmoja, ukuta hakuna, na kamba, kamba itakuwa moja, itaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wangu. Mawe na sululu hakuona shida navyo, alikuwa na nguvu zake. Ni hiyo kamba. Kila asubuhi, kiangazi na masika, mpaka mwaka alioshindwa kuinuka kitandani, mwashi yule mwenye kiburi alivuka ua usiokuwa na ukuta, akasimama mlangoni pake na ndoo tupu, akavua kofia, upara ukang'aa, naye akasema kwa sauti ya kusikika nyumba zote mbili, shemeji, naomba kamba.