Hodan Hana Kovu

Wivu wa Asli haukuanzia kitandani kwa mume, usimfikirie vibaya. Ulianzia kwenye mgongo wa mke mwenzake.

Miaka mingi wake hao wawili wa Adan walikuwa sawa kwa ubovu: Asli goti, Hodan mgongo. Mvua ikinyesha na ng'ombe wakitoka mtoni kurudi nyika, mume alikwenda na kundi peke yake, nao wakabaki Garsen wakilalamika kwa zamu. Raha tupu!

Kisha akaja daktari wa maumivu. Akamdunga Hodan sindano mgongoni, akapitisha moto ndani yake hadi kwenye mshipa unaopeleka habari za maumivu kichwani, akauchoma. Sasa Hodan alikuwa akifunga mikeka ya nyumba ya kuhamia nyika juu ya punda, huku anaimba. Mwaka huu Adan hangekwenda peke yake.

"Na hana hata kovu!" Asli alinung'unika, akitazama goti lake. Fundi wa kienyeji wa kuchoma maumivu kwa chuma cha moto alikuwa amemwachia alama nene juu ya goti hilo, na maumivu akamwachia vilevile.

Asubuhi hiyo akajikokota hadi kliniki. Daktari akamdunga pembeni mwa goti. Kabla chai ya muuguzi haijapoa, goti likanyamaza.

"Ngoja, mama," daktari akasema. "Hii ni ganzi tu, ya kujaribu kama mshipa ndio huu. Itaisha leo hii hii. Kuchoma kwenyewe bado."

"Moto nimekula wa kutosha," Asli akajibu, viatu tayari vi mkononi.

Alirudi nyumbani kama msichana. Akateka maji, akachuchumaa kuwasha jiko, akaruka kamba ya ndama mbele ya Adan. Akairuka tena, maana mara ya kwanza mume alikuwa anatazama simu.

"Mimi ndiye mke mkubwa," akasema. "Nyika naenda mimi, Hodan abaki."

Adan akacheka, akakubali. Hodan akashusha mikeka yake, lakini macho hakumwondolea Asli.

Alasiri goti likakumbuka kazi yake. Asli akaketi palepale, kwenye mavi ya ng'ombe.

"Limerudi?" Hodan akauliza.

"Ulijua?"

"Si na mimi nilianza na hiyo ya ganzi! Nilijua, dada. Lakini nilipokuona unavyoruka, nikasema mwache kwanza, tufaidi."

"Shetani wewe!"

"Kesho nakupeleka ukachomwe. Adan na ng'ombe wake watangoja."

"Na nikipona, nyika ataenda nani?"

"Hapo tutagombana vizuri, sote wazima."

Asli akaushika mkono alionyooshewa, akainuka. Kisha akauegemea mgongo ule kwa uzito wake wote, makusudi, asikie kama utalia. Haukulia. Wivu ukamzidi, na uzito hakuupunguza hadi mlangoni.