Zawadi za Tarehe Moja Januari

Sijui nilizaliwa lini. Tulipovuka mpaka kutoka Kunar kuja Peshawar, karani wa kamati ya mtaa aliniandikia tarehe moja Januari kwenye kadi, na majirani wote akawaandikia hiyo hiyo, maana hakutaka kuchoka.

Mwishoni mwa mwaka jana tetemeko la ardhi lilipobomoa kwetu Kunar, kamati ikapiga marufuku kuchangisha bila kibali chake. Nawajua hao. Mafuriko yalipotubomolea nyumba hapa, mahema ya msaada yalilala ghalani mwao wiki tatu, na mke wangu Palwasha akafa kwa baridi.

Basi nikatangaza pale kwenye tanuri la mikate kwamba tarehe moja Januari nasherehekea kuzaliwa kwangu, na anayekuja aje na blanketi. Siku hiyo ua ulijaa watu na mablanketi. Dereva Zmarak alikwisha kuegesha lori lake mlangoni, nasi tukayapakia yote, tayari kwa safari ya Kunar.

Mwenyekiti Sherzad akafika anahema. "Mzee Torak, kibali kiko wapi? Vitu hivi viende ghalani."

"Kibali cha nini, mwenyekiti? Hizi ni zawadi zangu."

"Na mvi zote hizo, unasherehekea kuzaliwa?"

Nikampa kadi yangu. "Soma. Tarehe mliandika wenyewe, na muhuri ni wenu."

Jirani yangu Jandad akadakia, "Hata mimi nimezaliwa leo. Mtaa mzima tumezaliwa leo. Wewe mbona umekuja mikono mitupu?"

Watu wakacheka. Nikachukua kadi yangu mkononi mwa mwenyekiti, nikapanda lorini juu ya mablanketi, nikamwambia Zmarak aondoe lori. Safari hii ghala lao lilale tupu.