Kaburi la Kumi na Mbili

Uthmani alikuwa anaziba ufa kwenye kaburi la Madame, bibi mzungu aliyekuwa na shamba lile, aliposikia gari likipanda kutoka barabara ya Giheta. Hakuinua kichwa. Mwaka ule wa 1996, vita vikiendelea, aliyeinua kichwa haraka alionekana ana la kuficha.

Naye alikuwa nalo. Wiki tano nyuma mwanawe Houssein, utingo wa lori la kwenda mpakani Kobero, aliuawa na askari kwenye kizuizi cha barabara ya Muyinga. Aliyedai maiti ya pale alihesabiwa mwenzi wa waasi wa msituni. Uthmani hakudai. Aliiiba, akaileta hapa kwenye shamba la zamani la kahawa, kati ya wazungu ambao baba yake, na baadaye yeye, waliwajengea na kuwatunzia makaburi tangu mtoto wao wa kwanza alipokufa kwa homa mwaka 1931. Makaburi kumi na moja yalitazama nyumba kubwa ya kilimani. Alfajiri ile mikono yake ilichimba ilivyozoea, ili mwanawe alale uso Kibla. Kulipokucha akaona kosa: kaburi limekaa mkingamo, halilingani na mengine. Akalijengea saruji, akalipaka chokaa lifanane nayo.

Shefu wa zone, mkuu wa serikali wa eneo lile, alishuka na askari mmoja. Mkononi alikuwa na picha.

"Mzee, watoto ya hawa wazungu wameandika barua toka Ulaya. Wanataka kujua kama makaburi iko sawa." Akahesabu kwa kidole. "Picha iko na kumi na moja. Mi naona kumi na mbili."

"Picha ni ya zamani, shefu. Hiyo ingine ni ya mpishi wao. Alikufa nyuma ya hiyo picha kupigwa."

"Mpishi? Karibu na Madame?" Askari alicheka. "We mzee, alikuwa anamupikia nini?"

"Madame mwenyewe ndiye aliomba, kabla hajakufa."

"Na mbona amelala vile, kama mulevi?" shefu akadakia.

"Alikuwa Muislamu. Sisi tunalala vile."

"Sisi," shefu alirudia polepole. Alipiga kaburi kwa ncha ya kiatu. Uthmani alihisi teke lile kwenye mbavu zake. "Hawa wote iko na jina. Huyu hana. Sima unayo hapo." Akaonyesha saruji mbichi. "Andika, mi naangalia."

Uthmani alipaka saruji mbichi upande wa kichwa, akachukua msumari. Aliandika SUDI. Chini yake, mwaka wa kufa: 1958.

"Baba yake?"

Uongo mmoja, wa mpishi Sudi, alikuwa ameuandaa tangu siku ya kwanza. Wa pili hakuwa nao. Msumari ulisimama, kisha ukaenda wenyewe: BIN UTHMANI.

Askari alisoma kwa sauti, silabi kwa silabi. Hakucheka tena.

"Si ni jina lako?" shefu akauliza.

"Kwetu tuko wengi na hilo jina, shefu."

Shefu akaikunja picha. "Bon. Tutauliza kule quartier yenu ya Waislamu, kama kuna mutu anamukumbuka huyo mpishi. Kesho usitoke nyumbani."

Gari liliteremka. Saruji ilikuwa bado mbichi. Pigo moja la mwiko lingelifuta lile jina. Uthmani alipiga magoti, mwiko mkononi. Kisha akauweka chini, akavua koti lake, akalikinga kaburi na jua ili maandishi yakauke taratibu, yasipasuke.